Paka, Ndege na Sahani ya Mtama: Mhadhara Uliotolewa Lamu

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana. Paka wa Lamu hahitaji wakili. Panya anawamaliza, mabaki ya samaki anayasafisha, na sijasikia mtu wa hapa anayetaka aondolewe mjini. Nina neno na sisi tunaowawekea ndege chakula uani. Wengi wetu tumewategea mtego bila kujua.

Paka hamkimbizi ndege. Hujibanza, akangoja, kisha akaruka mara moja. Basi pima umbali kati ya sahani na chochote cha kumficha: mwasumini, mtungi, rundo la boriti. Acha mita 3 tupu pande zote. Mti wa ndege kukimbilia mwewe akitokea uwepo, ila usisogee ndani ya hizo mita 3. Ua wa nyumba ya kale mara nyingi hauna nafasi hiyo. Huko ni afadhali usiweke kitu.

Halafu nguzo ya meza ya kuwekea sahani. Boriti ya mkoko paka huipanda kama ngazi, kucha zinashika. Tumia bomba la chuma, meza ikae mita 1.8 kutoka chini, mbali na ukuta, kisha ivishe nguzo faneli ya bati. Kata duara la bati lenye upana wa sentimita 90, toa robo yake, kutanisha kingo na upige ribiti. Utapata faneli ya upana wa sentimita 67 hivi. Mdomo utazame chini, ukingo wake uwe mita 1.2 juu ya ardhi. Wengi huifunga usawa wa goti: paka anairuka, anadaka bomba juu yake, na bati lote limekwenda bure. Ukingo ukunjwe, bati halina huruma na vidole vya watoto.

Chakula kiwe mtama au mawele, kiganja kimoja asubuhi, kiishe kabla ya adhuhuri. Tetere na shomoro hupenda kuokota chini, kwa hiyo punje zinazomwagika ndizo zinazowaua. Zikilala, usiku huja panya, na nyuma ya panya yupo paka. Funga trei chini ya meza, na fagia. Unyevu wa pwani huleta ukungu upesi. Mahindi au karanga zenye ukungu zina sumu, tupa. Mabaki ya pilau yana chumvi, wanyime. Sahani ioshwe kila wiki kwa jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, dakika 10, isuuzwe na ianikwe ikauke kabisa.

Wakati wa kaskazi maji huwavuta kuliko nafaka. Kina cha sentimita 3 kinatosha. Yabadilishwe kila siku, mbu wasipate kuzaliana, na yawe peupe, maana ndege aliyelowa huruka kwa uzito.

Na kengele shingoni? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo yao mwaka 2021: kengele haikuleta tofauti ya kuonekana. Kola pana ya kitambaa cha rangi kali ilipunguza ndege wanaokamatwa kwa asilimia 42. Chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo yote kwa asilimia 36, na kucheza na paka dakika 5 hadi 10 kwa siku, asilimia 25. Hapa kwetu samaki si haba. Ugali mtupu na mchuzi haumtoshi.

Mama mmoja ameuliza kama kumfungia paka si dhambi. Mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, alimfungia bila kumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Fatwa nawaachia masheikh, ila kumlaza ndani na chakula, maji na beseni la mchanga, tangu kabla ya magharibi hadi jua lipande, ni jambo jingine. Alfajiri na magharibi ndizo saa zake za kuwinda.

Ukimnyang'anya paka ndege mdomoni, usimwachilie eti kwa kuwa anapiga mbawa. Mate ya paka yana bakteria, na tundu dogo la jino huweza kumuua ndani ya siku mbili. Mtie kwenye boksi lenye matundu, gizani, usimtilie maji mdomoni, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.