Mvua Moja, Miti Tofauti: Mteremko Unavyogawa Maji

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Hapa Moshi mjini mvua ni kama milimita 900 kwa mwaka. Ukipanda Mlima Kilimanjaro hadi mita 2,000 hivi, ndani ya msitu, inapita milimita 2,000. Ndiyo maana huko juu kuna mti wa mkulo, na upande wa kaskazini wa mlima, ulio mkavu, kuna mti wa mwangati. Hilo mnalijua. Leo tutazame tofauti ya hatua hamsini tu, shamba moja, mvua ileile.

Mvua ikipiga mgongo wa kilima hugawanyika na kuondoka. Udongo nao umeshuka miaka mingi, umebaki mwembamba. Kwenye kikorongo, maji ya pande zote hukutana, na mengi hupita ndani ya udongo, taratibu. Masika yakikatika, mti wa chini bado unanyonya maji yaliyonyesha juu wiki kadhaa nyuma. Mti wa msesewe, huo huo ambao gome lake hutiwa kwenye pombe ya mbege, haufuati mto kwa bahati.

Lakini chini nako kuna mtego. Chimba shimo la sentimita 60. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji hutuama hapo. Hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi. Mti wa mgrivea hapo unanyauka huku maji yapo tele, na mwenyewe, akidhani ni kiu, anaongeza ndoo! Hapo panda msesewe, au inua tuta kwanza.

Kosa linaloniudhi zaidi ni mistari ya miche inayoshuka na mteremko. Kila mstari unageuka mfereji. Mistari ikingame mteremko, na ili uipate sawa, tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, fito katikati, kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa fito. Geuza miguu palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Usiruke hatua hii. Miguu haiwi sawa hata ukiipima kwa futi kamba. Kisha tembeza fremu, ukipigilia kigingi kila kamba inapotulia katikati.

Mgongoni, udongo wa shimo uwekwe upande wa chini, uwe tuta la umbo la nusu mwezi, upande wa juu uachwe wazi upokee maji. Ukiurundika juu, maji yanakwepa mche. Kwenye kikorongo chenye maji ya kasi nusu mwezi haufai, utabomoka.

Mama pale nyuma ameinua mkono. Karibu, mama.