Vitambaa vya Kirobani: Kushona Mfarishi wa Viraka bila Haraka

SALMA: Karibuni jamani, mambo ya sindano na uzi hayo yameanza. Mimi Salma, na mwenzangu ni fundi Hamisi, ambaye leo kaingia studio na kiroba. Fundi, umebeba nini humo?

HAMISI: Mabaki, dada. Mteja akileta kitenge, ukishakata gauni, pale kwenye makwapa na shingoni vinabaki vipande. Havitoshi kola, havitoshi hata mfuko. Kutupa roho inauma. Basi vinaingia kirobani.

SALMA: Na havitoki.

HAMISI: Vinatokaje? Labda mtu aje kuomba vya kujazia mto.

SALMA: Leo vitatoka, ila taratibu. Tunaongelea mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kujifunika la tabaka kadhaa, juu limejaa vipande vya nguo. Na nasema taratibu kwa makusudi, maana kuna watu wanawadanganya wenzao kwamba wikiendi moja kazi imekwisha. Mfarishi wa kitanda cha futi tano kwa sita, kwa mkono, unakula miezi. Mwenye haraka aende dukani akanunue blanketi, hakuna atakayemsema.

HAMISI: Mimi ningeuliza cherehani iko wapi.

SALMA: Najua! Lakini kwa cherehani utataka upime, ukate miraba iliyo sawa, na katika kukata unazalisha mabaki mengine tena. Mimi nimependa wanavyofanya Wasiddi.

HAMISI: Hao wa India?

SALMA: Haohao, wenye asili ya Afrika. Nawazungumzia wale wa Karnataka, wilaya ya Uttara Kannada. Wengi wao wazee wao walipelekwa Goa utumwani enzi za Wareno, na wako waliotoroka wakaingia misituni. Wanawake wao wanashona mfarishi unaitwa kawandi. Nguo zilizochakaa za nyumbani, sindano, uzi, basi.

HAMISI: Wanaanzia wapi? Maana kazi ya viraka kinachoumiza kichwa ni mpangilio.

SALMA: Wanaanzia ukingoni. Unatandika kitambaa cha chini, tuseme shuka kuukuu, juu yake tabaka la katikati. Unakunja ukingo wa shuka kwa ndani. Halafu unashika kona moja, unaweka kiraka, unakunja kingo zake zinazoonekana, unapiga bandi, ule mshono wa mkono wa kuchoma na kutoa sindano, mpaka kitambaa cha chini. Kiraka cha pili kinalalia kidogo ule upande wa cha kwanza ambao haukukunjwa. Unazunguka hivyo shuka zima, ukifika ulipoanzia unaingia mzunguko wa ndani. Unamalizia katikati.

HAMISI: Ngoja kidogo. Hawaungi viraka kwanza ndiyo waweke juu?

SALMA: Hawaungi. Bandi ileile inayoshika kiraka ndiyo inayoshika tabaka zote tatu.

HAMISI: Aa! Basi hapo wamekwepa kazi nzito. Sisi tungeunga kitambaa cha juu chote, tukabandika na pini, ndiyo tushone upya. Na kitambaa kingeteleza.

SALMA: Hakipati nafasi ya kuteleza, kwa sababu unashona mistari iliyokaribiana, mmoja chini ya mwingine, upana wa kidole hivi. Ukikifua, kinajikunyata vizuri kati ya mistari. Na kwenye kona wanapachika vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua. Kwao mfarishi usio na phula uko uchi.

HAMISI: Kama gauni bila pindo.

SALMA: Sasa linganisha na wale kinamama weusi wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, ambao mifarishi yao ilionyeshwa jumba la sanaa la Whitney, New York, mwaka 2002. Wana mtindo unaitwa Housetop, wenyewe unaanza na kiraka kimoja katikati, unakizungushia mikanda kwenda nje. Unaweza kuukuza mpaka kitambaa kikuishie. Kawandi ni kinyume: mipaka imeshawekwa, wewe unajaza tu. Kwa mtu anayeshona nusu saa baada ya chakula cha usiku, mimi naona kawandi inamfaa zaidi. Hukai kuwaza nini kinafuata. Unaingiza mkono kirobani.

HAMISI: Bila kuchagua rangi?

SALMA: Chagua kama unataka, ila usigeuze kuchagua kuwa kazi. Juzi nimetoa ukanda wa khanga, fundi kakata katikati ya jina, yamebaki maneno mawili: HASIDI HANA. Sababu imekwenda na gauni la mtu! Nimeushona hivyohivyo.

HAMISI: (anacheka) Mwenye gauni anatembea na SABABU mgongoni. Lakini dada, kuna kitu cha kuchagua, aina ya kitambaa. Khanga na kitenge cha pamba, sawa, vinakunjika na kukaa. Satini inachanguka nyuzi kabla hujamaliza kukunja. Na hivi vitambaa vya kuvutika, ukipiga bandi vinajivuta, mfarishi wote unapinda.

SALMA: Satini mimi naitumia.

HAMISI: Tumia, ila ukunje mara mbili. Na vyote vifue kwanza. Kitenge kipya kina wanga, na khanga nyekundu au nyeusi inachuja. Suuza mpaka maji yatoke meupe, la sivyo viraka vyeupe vyote vitageuka pinki.

SALMA: Msikilizaji wetu wa Njombe anauliza katikati aweke nini. Dada yangu, kwa baridi ya huko weka blanketi la zamani. Sisi wa Dar tabaka moja la khanga kuukuu linatosha, tena hilo utalitupa miguuni usiku.

HAMISI: Na uzi uwe wa pamba, usiwe mrefu kupita mkono wako, utajifunga mafundo. Mimi ningetunga sindano kadhaa mchana kweupe, usiku macho yapumzike.

SALMA: Hiyo naichukua. Mwingine anauliza jinzi. Gee's Bend walitumia nguo za kazi, jinzi zikiwemo.

HAMISI: Inawezekana, ila zile sehemu nene za mshono zikate uziache. Ukikutana na mshono wa jinzi kwa sindano ya mkono utavunja sindano au kidole, hata ukivaa subana.

SALMA: Haya, muda umetuacha. Wiki ijayo fundi atatueleza kwa nini zipu za sketi zinaharibika mapema.

HAMISI: Zinaharibika kwa sababu mnaniletea...

SALMA: Wiki ijayo, fundi!