Mikono ya Sanamu

Baba na mama, ndugu zangu, na ninyi wanafunzi mliokaa chini kwa kukosa viti, karibuni. Wanaonijua wanajua nitasema nini. Nitalisema tena, maana bado halijasikika: kazi ya sanaa ya mji ikae mahali mtu anapofika kwa miguu, akatulia, akaigusa. Ikae bustanini, chini ya mti.

Nyote mnaijua ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya Rond-point Tchukudu hapa Goma, ya mtu anayesukuma chukudu, chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo. Ninaipenda. Mji uliomtukuza msukuma mizigo umefanya vizuri sana. Lakini tazameni ilipo: katikati ya barabara, pikipiki na malori yanaizunguka toka asubuhi hadi usiku.

Siku moja nilimkuta kijana wa chukudu amepumzika kando ya barabara ya Kibumba, magunia ya viazi yamefika kifuani. Nikamwuliza, "Ile sanamu yenu unaionaje?" Akasema, "Mzee, napita pale kila juma. Mikono yake sijawahi kuiona." Mikono! Mtu anayeijua kazi huanza na mikono. Nikamwambia, "Kwa nini usisimame uitazame?" Akanishangaa. "Nina mzigo, nyuma kuna magari. Nitasimama wapi?" Halafu akaanza kunionyesha chukudu yake mwenyewe: mti wa mkaratusi, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, kile kipande cha mpira cha nyuma anachokanyaga ili kufunga breki, na pale anapoweka goti akiteremka. Nikapapasa pale pa goti. Pamelainika kwa goti lake, miaka na miaka. Mimi nachonga mawe tangu ujana, na sijawahi kulainisha kitu namna ile. Hapo ndipo nilipojua ninachokitaka: sanamu ambayo watu wa mji wataimalizia wenyewe kwa kuikalia, kuipanda na kuiegemea.

Najua mtasema, "Wataiharibu." Ya shaba wataikata wakaiuze kwa kilo, nakubali. Ndiyo maana nataka jiwe letu. Lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia Ziwa Kivu. Tukaivunja kwa nyundo, tukajengea kuta na nyumba. Nani ataiba jiwe la volkano hapa Goma? Na litazameni kwa karibu: limejaa vitundu, kwa sababu gesi ilikuwa inatoka lava ikipoa. Vitundu vile hushika vumbi na maji ya mvua. Kwanza huota kitu cha kijivu kama manyoya, baadaye huja kangaga. Ukichonga kiti kirefu cha jiwe hilo ukakiacha kivulini, mvua itaendeleza kazi ulipoishia. Jiwe tunalo mlangoni, nasi tunapiga foleni kununua saruji!

"Watu wana njaa, wewe unatuletea mawe." Ndugu aliyeniambia hivyo mara iliyopita yuko hapa, nimemwona. Nakujibu kwa heshima. Mei 2021 lava ilipofika Buhene, pembezoni mwa mji, ilifunika nyumba za watu. Leo wale watu wakitaka kukaa pamoja na kuwakumbuka wapendwa wao waliopotea, wakae wapi bila kununua chupa ya soda? Mwenye njaa naye hufiwa. Naye huchoka, hutaka kivuli, na mtoto wake hutaka kitu cha kupanda.

Nilitaka kusema juu ya miti, ni ipi isiyopasua jiwe kwa mizizi, na juu ya uzio, ambao siutaki kabisa. Muda umekwisha, naonyeshwa saa. Juu ya usafi, neno moja tu: mama anayeuza ndizi pale asifukuzwe siku ya uzinduzi. Apewe mahali pake ndani ya bustani, maana yeye ndiye atakayekuwepo kila siku.

Jiwe nililokuja nalo liko nje, karibu na mlango. Nimelichonga upande mmoja. Mkitoka, likalieni.