Kabla Hujashusha Pampu, Tazama Moshi

Mafundi wenzangu na madereva, hili nimelisema kila nilipopewa nafasi na leo nalirudia, maana gari la dizeli likigoma kuwaka asubuhi, pampu ya kusukuma dizeli kwenye injini inashushwa ingawa haina kasoro, na wateja wanalipishwa bure.

Gari lenyewe mnalijua: Hilux ya miaka ya 90, yenye injini ya dizeli ya aina iitwayo 3L. Hapa Njombe, mwezi wa saba, alfajiri ya baridi, dereva anapiga stata mpaka betri inalegea. Fundi anafika, boneti haijafunguka vizuri, keshasema, "Pampu hiyo." Nani kamwambia?

Mmoja apige stata, wewe kasimame nyuma kwenye ekzosi. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanafika ila hayashiki moto. Anza na plagi za hita, zile zinazopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha. Usipotoka moshi kabisa, mafuta hayafiki. Hakikisha solenoidi ya kuzimia, ile vali ya umeme inayokata mafuta ukizima gari, inapata umeme, kisha tafuta hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta.

Kwenye hewa ndipo tunapoibiana. Mtu atanibishia: "Mwalimu, mbona hakuna panapovuja?" Hapavuji kwa sababu kutoka tangini mpaka kwenye pampu mafuta yanavutwa. Mpira ukipata ufa hapo, hewa inaingia, dizeli haimwagiki. Usiku kucha mafuta yanarudi tangini taratibu. Kwa hiyo muulize dereva gari lililala vipi. Likilala limeinua pua mlimani linasumbua, likilala limeinamisha pua linawaka. Umepata jibu hujashika spana. Halafu bonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta. Kikianza kilaini, kikawa kigumu, na gari likawaka papo hapo, ni hewa hiyo. Mara nyingi mkosaji ni kipampu chenyewe, diaframu, ile ngozi ya mpira ndani yake, imechoka. Ukitaka ushahidi wa kumwonyesha mwenye gari, funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu. Mapovu atayaona kwa macho yake.

"Mbona mchana linawaka?" Mchana injini ina joto! Dizeli haina cheche, inategemea hewa iliyobanwa zaidi ya mara 20, na asubuhi chuma baridi kinalinyonya joto hilo. Fungua ukanda wa chuma unaounganisha plagi za hita, funga waya wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, gusa plagi moja moja. Isipowasha taa, imekufa. Msinitajie taa ya plagi kwenye dashibodi. Ile inahesabu muda tu, haijui kama plagi zimewaka.

Stata ikizunguka kivivu, joto la hewa iliyobanwa linapotelea kwenye ringi za pistoni. Pima volti wakati wa stata. Zikishuka chini ya 9.6, shughulikia betri na waya wa ethi. Taimingi na kompresheni muda hautoshi, tutakutana gereji.

Lakini ile dawa ya kupulizia kwenye njia ya hewa ili injini iwake, etha, siondoki bila kuitaja. Ikikutana na plagi ya hita iliyo moto inalipuka kabla ya wakati wake, inavunja ringi na pistoni. Mwenye kopo garini, naomba alitoe leo.