Kisome Chuma Kabla ya Kukipaka Rangi: Namna ya Kujua Umri na Aina ya Trekta la Zamani

Wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka Gede, Mambrui, Magarini na wengine hata Mpeketoni: asalaam aleikum, hamjambo.

Jambo nitakalolisema leo nimelisema katika karakana nyingi za hapa Malindi, na sitachoka kulisema, kwa sababu wiki hii tu nimeonyeshwa trekta jingine lililopakwa rangi nyekundu mbichi kutoka rejeta hadi ringi za nyuma. Kibati cha namba kimefunikwa, namba zilizogongwa kwenye bloku ya injini zimejazwa putii, na herufi zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe, yaani zilizotokea chuma kilipoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, zimesagwa kwa mashine ili pawe laini. Mwenyewe ananiuliza kwa furaha, "Mwalimu, hili ni la mwaka gani?" Nimjibu nini, ilhali kila kilichoweza kunijibu amekifuta kwa mkono wake?

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: usipake rangi, usisage, usichome kwa gesi, mpaka uwe umesoma na kuandika kila namba na kila herufi iliyomo katika trekta hilo. Boneti hubadilishwa, bango la jina huhamishwa, kiti na mataa hununuliwa. Kinachodumu ni chuma cha kusubu: giaboksi, bloku, nyumba ya ekseli ya nyuma. Hapa kwetu pwani hewa ya chumvi inakila kibati chembamba cha namba kwa miaka michache, hasa kwa matrekta yaliyofanya kazi upande wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, lakini chuma kinene kinashika kutu ya juu tu na maandishi yake yanabaki chini. Mafuta ya taa, brashi ya waya, chaki na subira vinatosha kuyafufua.

Nitawapa mfano mmoja kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka mkijue.

Karibu na Mambrui kuna familia moja iliyokuwa na trekta chini ya mwembe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kuja na mizani. Kijana wa nyumba hiyo, ambaye nilimfundisha ufundi, akanipigia simu na kuniomba nifike kabla halijakatwa. Nilipofika nikamwamkia mzee, akaniambia kwa uhakika kabisa, "Mwalimu, hii ni Massey 135, marehemu kaka yangu aliinunua ikiwa kuukuu." Boneti ilikuwa ya 135 kweli, yenye pua ya mraba, na bango lilisema 135. Basi kama ni 135, haiwezi kuwa ya kabla ya mwishoni mwa 1964, kwa maana ndipo aina hiyo ilipotolewa. Mtu mwenye haraka angeliandika hivyo na kuondoka.

Mimi sikuanza na bango. Nilianza na paipu nyembamba za dizeli zitokazo kwenye pampu kwenda kwenye nozeli, nikazihesabu. Zilikuwa nne. Hapo nikamwomba kijana azihesabu na yeye, akapata nne. Massey 135 ya dizeli ina injini ya Perkins ya silinda tatu, ile iitwayo 3.152, na hiyo 152 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani takriban lita 2.5. Silinda nne zatoka wapi? Zinatoka nyuma zaidi, katika trekta la 35, lile lililotangulia 135, ambalo mwanzoni lilifungwa injini ya dizeli ya kampuni ya Standard ya Coventry, Uingereza, ijulikanayo kama 23C. Injini hiyo ilijulikana kwa ukaidi wa kuwaka ikiwa baridi. Mwaka 1959, mwaka uleule ambao Massey Ferguson waliinunua kampuni ya Perkins, wakaanza kulifunga trekta la 35 injini ya silinda tatu.

Najua mnachotaka kusema, kwa sababu huambiwa kila mara: "Lakini Mwalimu, injini hubadilishwa." Ndiyo, hubadilishwa, na ni vyema mlifikirie hilo. Fikirieni basi upande unaobadilishwa. Wakulima wengi waliing'oa ile ya silinda nne inayokataa kuwaka wakaweka ya silinda tatu inayowaka kwa wepesi. Ni nani atakayeing'oa nzuri aweke ile yenye taabu? Ukikuta silinda tatu ndani ya 35, usihitimishe haraka, kwa kuwa huenda ni mgeni. Lakini ukikuta silinda nne za 23C, uwezekano ni mkubwa kwamba imo pale ilipozaliwa. Ushahidi hauna uzito sawa pande zote mbili, na fundi anayestahili jina hilo hupima uzito huo kabla ya kufungua kinywa.

Basi tukawa tumefika kati ya 1956, mwaka trekta la 35 lilipoanza kutengenezwa kule Coventry, na 1959. Kibati cha namba kwenye dashibodi hakikuwepo; palikuwa na matundu ya ribiti tu. Tukafungua mota ya stata. Nyuma yake, mahali ambapo brashi ya mpaka rangi haifiki wala jua halifiki, tukasugua taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nyekundu ilitoka kwanza, kisha nyekundu nyingine iliyokoza zaidi, na chini yake, juu ya chuma chenyewe, ikatokea rangi ya shaba iliyofifia. Tukaenda kwenye bati la madigadi, upande wa ndani, tukapata kijivu.

Ndugu zangu, nilikaa chini. Kijivu kwenye mabati na shaba kwenye injini na giaboksi ni sura ya kwanza ya trekta hilo, lilipokuwa bado likiitwa Ferguson 35, kabla ya mwisho wa 1957 ambapo jina liligeuzwa kuwa Massey Ferguson na mabati yakawa mekundu. Trekta lililokuwa likisubiri kukatwa kwa kilo, likidhaniwa kuwa la baada ya 1964, lilikuwa la 1956 au 1957. Boneti ya 135 ilikuwa imechomelewa vipande vya bati ili ikae. Mnunuzi wa chakavu alirudi mjini na mizani yake, na mzee, ambaye alikuwa amesimama kimya muda wote huo, akaenda kuigusa ile shaba kwa kidole.

Atainuka mtu aseme kwamba nimejipinga, kwa kuwa nimeanza kwa kuilaumu rangi na nimemaliza kwa kuitegemea. Sikujipinga. Rangi ya juu ni habari ya mtu wa mwisho aliyekuwa na brashi. Rangi ya chini kabisa, katika pembe zilizofichika, ni habari ya kiwanda. Ndiyo maana nakasirika ninapoona trekta limesuguliwa lote kwa mchanga wa kupuliza kabla mtu hajatazama. Hata matrekta ya Fordson ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, yale ya aina ya N yaliyotoka Dagenham, Uingereza, yanasomeka hivyo: yalikuwa ya buluu, yakageuzwa kuwa ya rangi ya chungwa mwaka 1937, kisha yakawa ya kijani wakati wa vita. Lakini kijivu cha Ferguson TE20, trekta lililotangulia lile la 35, hakikuambii mwaka wowote, kwa sababu matrekta hayo, zaidi ya 500,000 kati ya 1946 na 1956, yalikuwa ya kijivu yote.

Kwa hayo ya TE20 tazameni herufi kwenye kibati, kama kipo. TE ni kusema trekta la Uingereza, na TO ni lile lililotengenezwa Marekani. Herufi inayofuata hueleza mafuta: TEA ni petroli, TED ni mafuta maalumu ya trekta yanayokaribiana na mafuta ya taa, TEH ni mafuta ya taa, TEF ni dizeli, na dizeli haikuwepo kabla ya 1951. Kama kibati kimeliwa na chumvi, nendeni kwa wazee. Msiwaulize mwaka, kwa kuwa mwaka husahaulika. Waulizeni namna walivyoliwasha. Mzee akikwambia kwamba walikuwa wakiliwasha kwa petroli, kisha likipata moto wanageuza koki liende kwa mafuta mengine, amekueleza kwamba tangi lilikuwa na sehemu mbili na kwamba si TEA wala si TEF. Ushahidi huo haumo katika duka lolote la vipuri Mombasa, nao unatoweka kila tunapokwenda makaburini.

Naona muda unanikimbia, kwa hiyo haya yaliyobaki nitayapita.

Perkins tangu 1974 huweka herufi mwishoni mwa namba ya injini kuonyesha mwaka, A ikiwa ni 1974. Ukiikuta herufi hiyo ndani ya trekta la 35, injini imekuja baadaye. Dinamo na stata za Lucas zimegongwa tarehe kwenye mwili wake. Hizo nazo hubadilishwa, basi zichukueni kama shahidi mdogo.

Matrekta ya Ford ya namba 2000 hadi 5000, yaliyoanza 1964, yana alama ya tarehe, mathalani 5D12: tarakimu ya kwanza ni mwaka, D ni mwezi wa nne, 12 ni siku. Shida ni kwamba 5 yaweza kuwa 1965 au 1975. Tazameni basi namba ya kipuri iliyosubiwa karibu yake. Ikianza na C, mchoro wake ni wa miaka ya 1960. Ikianza na D, ni wa miaka ya 1970, na hapo 1965 imekwisha kuanguka. Lakini C peke yake haiithibitishi 1965, kwa kuwa mchoro wa zamani uliendelea kutumika. Hapo ndipo wengi hukosea.

Kuhusu matairi sisemi kitu. Tairi hueleza umri wa tairi. Na kuhusu logibuku, mwaka wa kusajiliwa si mwaka wa kutengenezwa, na trekta lililokaa shambani bila kwenda barabarani huenda lilisajiliwa miaka mingi baadaye.

Kuna mtu ameniuliza mlangoni faida ya yote haya. Kijana yule wa Mambrui alikuwa amekwisha kununua gasketi ya kichwa ya silinda tatu kwa ajili ya injini ya silinda nne, kwa kuamini boneti. Pesa hiyo hakuirudishiwa.

Mwenye trekta nyumbani asiniletee picha ya boneti. Aweke karatasi nyembamba juu ya namba, asugue kwa penseli ya risasi mpaka tarakimu zitokee, aandike pembeni ilikotoka, kama ni bloku, giaboksi au dashibodi, na idadi ya paipu za dizeli. Nitakuwapo hapa Jumamosi baada ya swala ya alasiri, na nitazisoma zote.