Kuskani Negativu za Zamani Nyumbani: Vifaa Vidogo Vinavyookoa Picha

Assalaam aleikum watazamaji, karibuni. Niko nyumbani Lamu, mtaa wa Langoni, na mkebe huu wa biskuti una negativu, yaani vipande vya filamu zilizopigiwa picha, za marehemu nyanya: harusi, Maulidi, majahazi. Leo tuziskani pamoja.

Kwanza zimeni pangaboi, mfunge na dirisha la upande wa baharini. Udi pia msifukize chumbani leo. Picha ya filamu ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na urefu wa 24 tu, kwa hivyo chembe usiyoiona kwa macho hutokea kwenye skrini kama doa jeupe.

Vaeni glavu za pamba, mshike ukanda kwa kingo zake. Tazameni, naupuliza kwa pampu hii ya mpira, huku na huku. Kwa mdomo hapana, mate huruka. Na tafadhalini, msifute kwa nguo. Ukanda wangu wa kwanza niliufuta kwa pembe ya leso, na mkwaruzo ule hadi leo umepita usoni mwa shangazi yangu, siku ya harusi yake. Hautoki. Wala maji msitie: hewa yetu ya unyevu huotesha kuvu, na filamu iliyoliwa na kuvu utando wake wa picha huyeyuka ukirowa.

Sasa fremu hii ya plastiki iliyokuja na skana. Wengi huiacha kwenye boksi, wakalaza filamu juu ya kioo. Hapo picha hukosa ukali, kwani skana nyingi za aina hii hulenga juu kidogo ya kioo, pale fremu inaposhikilia filamu. Tena filamu ikigusa kioo, huzuka miviringo ya rangi kama mafuta juu ya maji. Ukanda uliojikunja utieni kwenye mfuko wake, muulaze siku kadhaa chini ya vitabu vizito. Msiulazimishe.

Upande unaong'aa uangalie chini. Mkiona wageni wote kwenye sinia ya pilau wanakula kwa mkono wa kushoto, mmeugeuza.

Ondoeni ubao mweupe ulio ndani ya kifuniko, maana taa iko nyuma yake na mwanga lazima upenye filamu. Skana isiyo na taa hiyo juu haitafaa. Pale juu ya fremu pana nafasi wazi. Msiizibe, skana hujipima hapo.

Kwenye programu, chagueni negativu ya rangi au nyeusi na nyeupe. Wekeni 2400 dpi, yaani nukta 2400 kwa kila inchi ya filamu, inatosha kuchapa picha ya inchi 8 kwa 10. Hifadhini kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Ile huduma ya kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi ni nzuri kwa filamu za rangi, lakini kwa nyeusi na nyeupe izimeni: fedha iliyomo kwenye filamu huzuia mwanga huo, na programu hudhani picha yenyewe ni uchafu.

Mkimaliza, kila ukanda urudi kwenye mfuko wake, na mkebeni mtie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukanda unaonuka siki umeanza kuoza. Utengeni na wenzake, na huo ndio muuskani kwanza, leo hii.