Mkono wa Sonara na Jina la Kampuni

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze kwa nini mtu mwenye uwezo wa kununua kito cha kampuni mashuhuri huamua kwenda kwa sonara asiyejulikana na wengi, akasubiri majuma kadhaa, na pengine akalipa kiasi kilekile. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kazi ya mkono ina roho, na kwamba kasoro zake ndizo uzuri wake. Naomba kulikataa jibu hilo mapema. Kasoro ni kasoro, na sonara hodari akiiona huirudia kazi. Mvuto ninaokusudia kuuzungumzia una chanzo kinachoweza kuonekana: aliyekifanya kipambo alikuwa na nafasi ya kubadili uamuzi wake mpaka hatua ya mwisho, tena kwa ajili ya kipande kimoja tu.

Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ina mwongozo kuhusu vito ambao unalieleza jambo hili vizuri kuliko washairi. Muuzaji hapaswi kukiita kipambo kuwa ni cha mkono isipokuwa kazi yote ya kukiunda kutoka katika malighafi, pamoja na kukimalizia na kukinakshi, imefanywa kwa mkono na kwa njia zinazoongozwa na mkono, zinazomwezesha fundi kutawala na kubadili umbo, muundo na umaliziaji wa kila sehemu ya kila kipande. Mwongozo huo haumtaki fundi ajifanye anaishi zama za kale. Bamba na waya zilizokwisha kutengenezwa zinahesabiwa kuwa malighafi. Kinachotakiwa ni mamlaka yake juu ya kipande kilichomo mkononi mwake.

Mamlaka hayo huonekana wazi zaidi katika kupachika jiwe. Kiwandani, mawe hukatwa kwa vipimo maalumu, tuseme milimita 6 kwa 8, ili yaingie katika maelfu ya pete zilizokwisha kuandaliwa. Jiwe ndilo linaloitii pete. Kwa sonara mambo hugeuka. Akipewa jiwe lisilo duara wala yai kamili, hukata utepe mwembamba wa dhahabu, akauzungusha kwenye jiwe lenyewe, akatia alama mahali ncha zinapokutana, akazilehemu, kisha akaulehemu utepe huo juu ya bamba. Jiwe likishakaa, huanza kuulaza ukingo juu yake, na hapa ndipo ufundi unapopimwa. Hauzunguki ukingo kwa mfululizo. Hubonyeza upande mmoja, kisha upande unaoukabili, kisha pande mbili zilizobaki, kwa sababu akifuata mzunguko, dhahabu ya ziada itasukumwa mpaka ijikusanye mahali pamoja na kufanya kunyanzi. Nguvu anayotumia pia hutegemea jiwe: yakuti huvumilia mengi, lakini zumaridi, ambayo kwa kawaida huwa na nyufa za ndani, inaweza kupasuka kwa mbonyezo mmoja wa pupa. Hakuna kipimo kilichoandikwa ambacho kingemwambia aache lini. Kiganja ndicho kinachomwambia.

Uzalishaji wa wingi hupita njia nyingine. Hutengenezwa kielelezo kimoja, kikafanyiwa kalibu ya mpira, na ndani yake ikasukumwa nta ya moto ili kupata nakala nyingi. Nakala hizo hubandikwa kuzunguka shina moja la nta, zikazibwa kwa plasta, nta ikayeyushwa ikatoka, na dhahabu ikamiminwa mahali pake. Ni njia ya kale sana iliyoharakishwa, na masonara wengi pia huitumia. Udhaifu wake ni kwamba madini yaliyosubiwa, yaani yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, yanaweza kubaki na vitundu vidogo visivyoonekana, ilhali pete iliyofuliwa kwa nyundo hushikamana na kuwa ngumu zaidi. Haki itendeke, hata hivyo: pete iliyokandamizwa kwa mashinikizo ya kiwandani nayo hushikamana barabara. Anayedai kwamba kila kitu cha mashine ni dhaifu anauza hadithi.

Vilevile, tusiwaonee wenye majina makubwa. Tiffany ilianza New York mwaka 1837, na Cartier ikaanza Paris mwaka 1847. Kampuni za aina hii bado zinao masonara wao wanaofanya kazi za kipekee kwa mkono. Linganisho langu linahusu bidhaa zao zinazorudiwarudiwa. Chukueni bangili ya Love ya Cartier, iliyobuniwa na Aldo Cipullo mwaka 1969, ambayo hufungwa kwa bisibisi. Mvuto wake umo katika kufanana: anayeivaa anataka itambulike kutoka upande wa pili wa chumba, na akitaka kuiuza, jina lile humsaidia. Dhahabu ya karati 18 ni asilimia 75 dhahabu safi, iwe imetoka kiwandani au kwenye meza ya sonara, nayo hupigwa muhuri uleule wa 750. Lakini kazi ya sonara asiye na jina, ikifika kwa mnunuzi wa mitumba, mara nyingi hupimwa kwa uzito tu. Anayenunua kwa nia ya kuuza kesho afadhali anunue jina.

Kuna kisa cha kihistoria ambacho wapenzi wa kazi za mkono hawapendi kukikumbuka. Mwaka 1888, C. R. Ashbee alianzisha London chama cha mafundi kilichoitwa Guild of Handicraft, ambacho vyombo vyake vya fedha na vito vilibeba alama laini za nyundo. Mwaka 1899, duka la Liberty la London likaleta bidhaa zake za fedha na vito zilizoitwa Cymric, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa msaada wa mashine, huku baadhi zikitiwa alama za nyundo ili zionekane kama zimefuliwa. Zilipendeza, na zilikuwa nafuu. Kufikia mwaka 1908 chama cha Ashbee kilikuwa kimevunjika, na ushindani huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Sura ya kazi ya mkono, basi, huigika kwa urahisi; mnunuzi anayetafuta sura hiyo tu atapata inayomtosha kwa bei ndogo.

Kwa hiyo nawashauri wanunuzi wakigeuze kipambo na kukitazama nyuma, kisha wamwulize muuzaji kama pete inaweza kupanuliwa, na nani ataipanua. Aliyeifanya mwenyewe atawajibu papo hapo, maana anajua alipolehemu.

Limebaki suala la kompyuta. Siku hizi sonara anaweza kuchora pete kwenye skrini, mashine ikachapa kielelezo chake, naye akakisubu, akapachika jiwe na kukimalizia mwenyewe. Je, hiyo ni kazi ya mkono? Kwa kipimo cha mwongozo nilioutaja, sidhani. Kwa kipimo cha mteja ambaye pete imechorwa kwa ajili ya kidole chake na jiwe lake, nakiri kwamba nasita, na ningependa masonara waliomo ukumbini humu waanze wao kulijibu.